Taa Bila Mafuta: Kutunza Nguvu ya Betri katika Mashine za Mkononi za Takwimu

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika



  Ratiba ilipotolewa, mjumbe mmoja alituuliza kama hatukukosea, kwa kuwa mambo ya betri ni ya fundi na si ya kamati. Swali lake ni zuri. Tunaomba mtuvumilie, na tukimaliza kila mmoja aamue kama betri ni kazi ya fundi peke yake.

MASHINE TUNAYOIZUNGUMZIA

Wengi wenu mnaifahamu. Ni ile kompyuta ndogo ya mkononi ambayo waandikishaji wetu huenda nayo kaya kwa kaya, inayofanana na mashine za kukusanyia ushuru sokoni. Inahifadhi majina ya walengwa, inasoma alama ya mistari kwenye kadi, na jioni inatuma taarifa ofisini. Kazi ya namna hii si mpya hapa nchini. Mwaka 2004 watafiti wa afya walitumia kompyuta za mkononi katika uchunguzi wa kaya kwenye wilaya tano za kusini mwa Tanzania. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walifika majumbani mwetu wakiwa na vishikwambi badala ya makaratasi.

Faida zake tunazijua. Makosa ya kunakili yamepungua, na taarifa ambayo zamani ilichukua mwezi sasa inachukua siku chache. Lakini daftari halina haja ya umeme. Mashine inao uhai wa saa chache tu, na saa hizo zikiisha katikati ya kitongoji kisicho na umeme, aliyeishika amebaki na kipande cha plastiki. Nguzo za umeme zimesogea sana tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, ila wajumbe mnaotoka pembezoni mnajua kwamba umeme kufika kijijini si sawa na umeme kufika kitongojini.

YALIYOTUPATA MWAKA 2006

Hili tunalisema kwa unyenyekevu, kwa sababu kosa lilikuwa letu.

Mwaka 2006 idara yetu ilipokea mashine nne za mkononi zilizokwisha kutumika. Wakati wa kuandaa bajeti tuliambiwa tupunguze gharama. Tulipitia mstari mmoja mmoja, tukafika penye maneno "betri za akiba na vifaa vya kuchajia". Tuliona ni anasa: mashine zinazo betri ndani yake, za akiba za nini? Tukaufuta mstari ule kwa kalamu yetu wenyewe. Hakuna mfadhili aliyetulazimisha.

Mwaka huo mvua zilikuwa zimekatika mapema katika vijiji vyetu vya tambarare, na tulikuwa tunaandikisha kaya zenye yatima na wazee kwa ajili ya mgao wa mahindi. Mwandikishaji wetu alifanya kazi Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, akaandika kaya 112. Jumamosi jioni alama ya betri ilikuwa nyekundu. Duka la kuchaji simu lilikuwa limefungwa. Akaizima mashine, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka sandukuni ili Jumatatu aichaji.

Jumatatu alipoiwasha, mashine ilimkaribisha kama mgeni. Ilimtaka aweke tarehe, kisha aguse alama kwenye kioo kana kwamba imetoka kiwandani siku ile. Majina yote yalikuwa yamepotea. Hatukujua kwamba mashine nyingi za wakati ule ziliweka taarifa katika kumbukumbu inayotegemea umeme wa betri. Hata ikiwa imezimwa, iliendelea kunywa umeme kidogo kidogo ili isisahau. Betri ilipokauka kabisa, ilisahau.

Kwa hofu ya ratiba tulikaa na mwandikishaji na mwenyekiti wa kitongoji, tukajaribu kuandika upya kwa kukumbuka. Tulipata kaya 97. Tukajiambia kwamba zinatosha.

Siku ya mgao alikuja bibi mmoja na wajukuu wawili, akiwa ameacha wengine wawili nyumbani. Alisubiri hadi mwisho wa foleni, jina lake halikuitwa. Alipotuuliza, tulimwambia hayumo kwenye orodha. Akasema, "Mliniandika. Jina la mjukuu wangu mliliuliza mara mbili." Tukamweleza habari ya mashine. Alitutazama kwa muda, akasema, "Haya, mashine imesahau. Na ninyi mmesahau?"

Kanuni ilikuwa kwamba asiye na jina hapewi gunia, na kanuni hiyo tuliitunga sisi. Alirudi nyumbani mikono mitupu. Zilipita wiki tatu kabla hatujarudia uandikishaji na kumfikishia mahindi yake. Katika miezi ya njaa, wiki tatu si muda mfupi kwa watoto wanne.

Ndiyo sababu tunazungumza juu ya betri. Betri ikizima, mashine haipati hasara yoyote. Anayepata hasara ni mtu ambaye jina lake lilikuwa ndani yake.

NGUVU INAKWENDA WAPI?

Mashine za siku hizi hazipotezi kumbukumbu kwa kukauka betri, na kwa hilo tunashukuru. Lakini jina ambalo halijaandikwa kwa sababu mashine imezima saa sita mchana limepotea vilevile. Kwa hiyo tujifunze nguvu inakoishia. Yako mambo manne yanayokula betri kuliko mengine.

La kwanza ni mwanga wa kioo. Mwandikishaji akisimama juani haoni maandishi, anaongeza mwanga hadi mwisho, na hausahihishi tena hadi jioni. Dawa yake ni kivuli. Omba kigoda, kaa chini ya mwembe pamoja na mwenye kaya, punguza mwanga hadi nusu au chini yake. Tena weka mashine ijizime kioo baada ya nusu dakika au dakika moja bila kuguswa, badala ya dakika tano.

La pili ni kutafuta mtandao. Mashine iliyo mbali na mnara ni kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Hupaza sauti zaidi na zaidi, na kila anapopaza anachoka. Mahali pasipo na mtandao kabisa ndipo betri inapokwisha haraka, ingawa hakuna kinachotumwa. Katika vitongoji vya namna hiyo, weka mashine katika hali ya ndegeni asubuhi, na uifungue jioni ukifika penye mtandao. Bluetooth nayo ifungwe kama haitumiki.

La tatu ni GPS, ile inayoonyesha mahali kaya ilipo. Wengine huiacha wazi siku nzima. Ifungue ukifika uani, mahali anga inapoonekana vizuri, chukua kipimo kimoja, funga. Chini ya paa la bati au miti minene itahangaika muda mrefu na huenda isipate kitu.

La nne ni programu zisizohusika: muziki, video, michezo. Hapa hatutasema mengi. Mashine ya mradi si redio ya safari.

Neno moja kuhusu kuzima na kuwasha. Baadhi ya waandikishaji huizima mashine kabisa kila wanapotoka kaya moja kwenda nyingine, wakidhani wanaokoa chaji. Kuwasha upya nako kunakula nguvu, na kunamsubirisha mwenye kaya. Kwa mwendo wa dakika chache, bonyeza kitufe ili kioo kilale tu. Kwa safari ndefu au usiku kucha, hapo zima kabisa.

HESABU YA JIONI

Tunaomba kila kamati iwe na mtu anayeweza kufanya hesabu hii, maana ni ya darasa la saba.

Juu ya betri pameandikwa namba mbili. Tuseme volti 3.7 na miliampia 4,000 kwa saa. Miliampia 4,000 ni ampia 4. Zidisha 4 kwa 3.7, unapata wati-saa 14.8, tuseme 15. Usharika wenye mashine nne, kila moja na betri mbili, una betri nane. Nane mara 15 ni wati-saa 120. Chaja nazo hupoteza kiasi kwa joto, kwa hiyo tupange wati-saa 150 kwa jioni moja.

Sasa tutazame juu ya paa. Paneli ya sola ya wati 50, ikipata jua zuri la saa tano, kwenye karatasi inatoa wati-saa 250. Lakini kuna vumbi, joto, waya na betri inayopokea. Tukihesabu asilimia 60 tu, tunabaki na 150. Inatosha mashine zetu siku ya jua, bila ziada. Siku ya mawingu ya masika haitoshi.

Ndipo betri ya gari inapohitajika. Betri ya volti 12 yenye ampia 50 kwa saa ina wati-saa 600, lakini haitakiwi kukamuliwa yote. Ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Tuhesabu 300, yaani jioni mbili bila jua. Siku ya tatu ya mvua, mwandikishaji apange kupeleka betri zake mjini, au apumzike. Ni heri kujua hilo kabla ya kuondoka kuliko kulijua ukiwa njiani.

Pia tunashauri kuepuka inveta inapowezekana. Inveta hupandisha umeme kutoka volti 12 hadi 230, kisha chaja inaushusha tena hadi volti 5, na kila hatua inamwaga kidogo, kama maji yanayohamishwa kutoka ndoo hadi ndoo. Chaja ya gari inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12 inapoteza kidogo zaidi, na bei yake ni nafuu.

Lipo jambo lingine ambalo hesabu hailionyeshi. Sola ya usharika ni sola ya jirani pia. Jioni simu huja: ya mwinjilisti, ya mwalimu wa kwaya, ya majirani kumi. Ni vigumu kumkatalia mtu. Matokeo yake mashine za mradi zinaamka asubuhi na asilimia 30. Ndiyo maana tunapendekeza kila kamati imteue mtunza chaji, mtu mwenye jina na mwenye ufunguo. Wakati wa uandikishaji mashine za mradi zichajiwe kwanza, simu zifuate. Kamati ilitangaze hilo mbele ya usharika, ili mtunza chaji asionekane mchoyo.

KUTUNZA BETRI ILI IDUMU

Betri za lithiamu, ambazo ndizo ziko katika mashine zetu, huchakaa hata zikitunzwa. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, kwa kawaida hubakiwa na takribani asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Uzembe hufupisha muda huo. Tuzingatie haya:

1. Joto ni adui wa kwanza. Usiache mashine juu ya dashibodi ya gari wala ndani ya sanduku la pikipiki linalopigwa na jua. Watengenezaji wengi wanakataza kuchaji joto likizidi nyuzi 40 hadi 45. Usichaji kwenye dirisha lenye jua au chini ya mto.

2. Usisubiri ifike sifuri. Wazee wetu walifundishwa kumaliza betri kabisa ndipo waichaji. Ushauri huo ulitolewa kwa betri za zamani za nikeli. Betri ya lithiamu hupendelea kuchajiwa mapema, na kuikausha mara kwa mara kunaidhuru.

3. Mradi ukisimama, usiihifadhi ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Iache na nusu ya chaji, mahali penye ubaridi na pakavu, na uikague kila baada ya miezi mitatu. Mashine nyingi tulizozikuta zimekufa makabatini hazikufa kwa kazi, zilikufa kwa kusahauliwa.

4. Betri iliyovimba itolewe kazini mara moja. Usiitoboe, usiichaji, usiitupe motoni wala chooni. Iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, na irudishwe ofisini.

5. Usinunue betri kwa kuangalia bei tu. Betri bandia huandikwa namba kubwa juu na hubeba kidogo ndani.

6. Andika tarehe na namba kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kila betri. Betri mbili zitumike kwa zamu. Isiwe mmoja anafanya kazi kila siku na ndugu yake analala.

7. Usiamini asilimia bila kuijaribu. Betri iliyozeeka inaweza kuonyesha 40 na kuzima dakika chache baadaye. Ikikufanyia hivyo mara mbili, haifai tena kwenda nayo mbali.

DAFTARI LISITUPWE

Pamoja na hayo yote, bado tunabeba daftari. Kila mwandikishaji anaandika kwa kalamu namba ya kaya, jina la mkuu wa kaya na idadi ya watu. Mistari mitatu tu, nusu dakika. Kila jioni anahesabu kaya za daftari na kaya za mashine. Zikilingana, anatuma taarifa, na ofisi inamjibu kwa idadi iliyopokelewa. Zisipolingana, anarudi kesho yake kwenye kaya inayokosekana, kabla mtu hajasimama kwenye foleni ya mgao bila jina. Na tumebadili kanuni yetu: mtu akisema aliandikwa na jina halipo, daftari linafunguliwa kwanza. Asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mashine.

OMBI LETU

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo mawili. Mteue mtunza chaji kabla ya uandikishaji ujao, na mkague betri kama mnavyokagua sadaka: kwa kuhesabu, kwa kuandika, watu wawili pamoja.

Kwa ninyi marafiki wafadhili, tunawashukuru kwa mashine mlizotupatia. Kwa sasa hatuombi nyingine. Tunaomba kwamba kila mashine inapotolewa, itolewe na betri ya pili, chaja ya gari, na fungu dogo la kubadilisha betri baada ya miaka miwili au mitatu. Tunajua kwamba betri haipendezi kwenye picha ya makabidhiano. Paneli yenye vumbi haina utepe wa kukata. Lakini mashine tatu zenye nguvu zitaandika kaya nyingi kuliko mashine kumi zilizozima. Na sisi tunaahidi kwamba hatutaufuta tena mstari huo tukiambiwa tupunguze bajeti. Tukilazimika kupunguza, tutapunguza mashine moja.

Wote tunaijua habari ya wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, na bila shaka taa zote zilikuwa nzuri. Waliotofautiana ni wale waliobeba mafuta ya akiba katika vyombo. Tena usiku ule haikuwezekana kuazimana, kama ambavyo betri ya mashine yako haiingii katika mashine yangu.

Yule bibi wa mwaka 2006 hakuwahi kuiona mashine yetu vizuri. Aliliona jambo moja tu, kwamba aliitwa jina lake mbele ya mlango wake, akaahidiwa, na siku ya ahadi jina halikuwapo. Tulipompelekea gunia lake hakutulaumu. Alituuliza kama safari hii tumeandika kwa kalamu. Tulimwonyesha daftari, akaweka kidole juu ya jina lake, akatukaribisha uji.